Maskati mwezi wa saba: tulivyozunguka kutafuta nyumba

JUMATANO

Kila aliyesikia tunakwenda Maskati mwezi wa saba aliuliza kama tuna akili timamu. Mama mkwe akasema subirini Desemba bwana, hewa nzuri, mtakaa nje usiku mnywe kahawa. Sasa ndo maana hatukutaka kwenda Desemba. Desemba kila nyumba ya Maskati ni nzuri, dalali anafungua mlango wa roshani, upepo unaingia, wewe unasaini. Mimi nataka niione hiyo nyumba siku ambayo hata paka wa huko kajificha chini ya gari, nikiipenda siku hiyo nitaipenda mwaka mzima.

Kwa nini Omani na sio Dubai, maana wengi wanatuuliza. Baba watoto ana biashara ya spea Kariakoo na Dubai anakwenda sana, anasema pale pa kufanyia kazi sio pa kulala. Alafu shangazi yangu, dada yake baba, yuko Seeb, hapohapo Maskati, toka miaka ya sabini, walikuwa kwenye lile kundi la watu wa Unguja waliokwenda baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970. Watoto wake na wajukuu wote wako huko na Kiswahili nyumbani kwao hakijakatika. Tukistaafu tunataka nusu mwaka Dar nusu mwaka huko, na mpaka hapo tupangishe.

Jambo moja lijulikane mapema. Mgeni huwezi kufika Maskati ukanunua nyumba mtaa wowote unaoupenda. Sheria ya 2006 inamruhusu mgeni kumiliki kwenye maeneo maalum tu, ile miradi mikubwa ya utalii na makazi iliyopewa kibali, na ukinunua humo unapata ukaazi wewe na familia yako ya karibu. Wageni ambao tayari ni wakaazi wamefunguliwa mlango mwingine toka 2020, wanaweza kuchukua haki ya kutumia fleti kwa miaka mingi sehemu za Bausher, Seeb na Amerat, ila sisi hatuna ukaazi kwahiyo hiyo haituhusu. Ramani yetu ilikuwa imeshapunguzwa kabla hatujapanda ndege, na kusema kweli ilinisaidia, mana mtu ukiambiwa chagua popote duniani hutachagua kitu.

Tumetua saa tano usiku. Milango ya uwanja wa ndege inafunguka miwani yangu ikajaa ukungu papo hapo, sioni kitu, nimesimama na toroli. Baba watoto anacheka, si ulitaka Julai.

ALHAMISI

Shangazi anakaa Al Hail, mtaa wa Seeb. Asubuhi mandazi na mbaazi, na halwa ya Seeb juu yake, alafu ndo maswali. Anataka kujua kwa nini tununue wakati kuna vyumba vitupu juu kwake. Nikamwambia shangazi, tukikaa kwako tutakuwa wageni wako mpaka tufe. Akanyamaza, hakufurahi ila alielewa.

Binamu yangu, mtoto wake wa mwisho, ndo dereva wetu na ndo mjuzi. Nilikuwa na ndoto ya Jebel Akhdar, ule mlima wenye mawaridi na makomamanga, uwanda wa juu uko kama mita 2000, watu wanakimbilia huko joto likizidi. Binamu akasema isahau, toka 2018 kuna amri inayokataza asiye Mmani kumiliki ardhi na nyumba sehemu kadhaa za nchi na Jebel Akhdar ni mojawapo. Basi likafutwa hapohapo kabla hata ya chai ya pili.

Jioni tukaenda Al Mouj kwa sababu ndo mradi ulio karibu na Al Hail, ukitoka kwa shangazi hata taarabu ya wimbo mmoja haijaisha umefika. Zamani uliitwa The Wave. Uko baharini, kama kilomita sita za ufukwe, una marina ya kuegesha boti, migahawa, uwanja wa gofu uliochorwa na mcheza gofu Greg Norman, na nyumba za kila aina kutoka fleti za chumba kimoja mpaka majumba ambayo hata sikuthubutu kuuliza. Watu wanatembea! Hilo ndo lililonigusa, mana sehemu nyingi za Maskati huwezi kutembea, kila kitu ni gari, barabara ya Sultan Qaboos imepita katikati na wewe uko upande mmoja wa maisha. Hapa wamama wanasukuma watoto, wazee wako bench, saa moja usiku na joto lake lote.

Ila uwanja wa ndege uko nyuma yake tu. Hii dalali hakuisema mpaka ndege ilipopita na akalazimika kunyamaza katikati ya sentensi. Tukala, tukazunguka, tukarudi tena usiku wa manane tukakaa kwenye gari madirisha wazi tunasikiliza. Mlinzi alikuja kutuuliza tuna shida gani, binamu akamweleza kwa Kiarabu, sijui alimwambiaje, yule mlinzi akaondoka anatikisa kichwa. Tulichogundua ni kwamba sio nyumba zote ni sawa. Zile za upande wa nyuma unasikia ngurumo, zile za upande wa marina majengo ya mbele yake yanakula sauti, unasikia ila mtu atalala. Mradi mmoja, jina moja, na usingizi tofauti kabisa.

IJUMAA

Baada ya swala ya Ijumaa na pilau tukapumzika, mchana hapa hakuna anayetoka. Hata vibarua wa nje serikali inakataza wasifanye kazi saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Mimi nikatoka. Nilitaka kujua kutoka getini kwa shangazi mpaka duka la kona inakuwaje. Nikafika, nikanunua maji, nikakaa humo dukani kwenye kiyoyozi mpaka muuzaji akaanza kuniangalia, nikarudi. Jibu ni kwamba mchana wa Julai "karibu na duka" haina maana kama njia haina kivuli. Kumbe Quriyat, huko pwani kusini ya Maskati, Juni 2018 kuna siku nzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwemo, ni rekodi ya dunia. Usiku ukiwemo! Kwahiyo kila nyumba tuliyoingia baada ya hapo nilianza kuuliza kuta zinatazama wapi. Sebule yenye kioo kikubwa kinachotazama magharibi hapa ni bili ya umeme, dalali anaita "mandhari ya machweo".

Jioni Qurum na Matrah. Huku mgeni hanunui, lakini tulitaka kuuelewa mji. Matrah ni kuzuri jamani, ufukwe wake, soko la ubani na bakora, mzee mmoja muuza kofia katusikia tunabishana bei akadakia kwa Kiswahili cha Unguja safi, "msimchoshe mwenzenu, mwachieni apungukiwe na faida kidogo". Tulicheka sana. Hatukununua kofia.

Qurum ndo shangazi alitaka tuone. Tukasimama pale karibu na maduka akaanza kuhadithia Gonu, kile kimbunga cha Juni 2007. Maji hayakutoka baharini peke yake, yalishuka milimani kupitia mabonde, wao wanaita wadi, yakakutana na bahari iliyojaa, na Qurum iko pale yanapokutana. Magari yalibebwa, maduka yalijaa matope. Anaeleza huku anaonyesha kwa fimbo, hapa mpaka hapa.

Binamu akanifundisha kusoma mji. Ukiona daraja kubwa na chini yake hakuna mto, kuna kokoto tu na mbuzi, hapo ndo pa kuuliza. Ukiona nguzo zilizopakwa rangi nyeupe na nyekundu pembeni ya barabara, zile ni vipimo vya kina cha maji, maana yake barabara hiyo kuna siku inakuwa mto. Mvua inaweza kunyesha mlimani huko mbali wewe huioni, jua linawaka, na maji yanakujia. Aprili 2024 huko Samad al-Shan maji yalisomba gari lililokuwa na watoto wa shule, nchi nzima ililia. Na Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kilipiga pwani ya Batinah, upande wa Suwaiq na Khaburah, kwahiyo usije ukadhani ni hadithi za zamani.

Baba watoto akafungua simu ramani ya satelaiti na usiku mzima alikuwa anafuata mistari ya kijivu kutoka milimani mpaka baharini. Mpaka leo anaifanya, hata kwa Dar, juzi kaniambia nyumba ya dada yangu Mbezi iko kwenye wadi.

JUMAMOSI

Leo kusini. Kwanza Bandar Jissah, mradi unaitwa Muscat Bay, umebanwa na milima kila upande na mbele bahari, uzuri wake huwezi kuupiga picha ukatosha. Kisha Jebel Sifah, mbele zaidi, barabara inapanda na kushuka na kukata kona katikati ya milima ya mawe matupu. Kule kuna marina ndogo, gofu, ufukwe mrefu, na bei inashuka. Kwa pesa ya fleti ya chumba kimoja Al Mouj ungepata nafasi ya kupumua.

Dalali wa huko kijana mchangamfu, anasema ni dakika arobaini na tano mjini. Baba watoto kaweka saa. Sio kutoka mjini kuja, kutoka Sifah mpaka mlango wa dharura wa hospitali ya Khoula pale Wattayah, mana yeye ana presha na mimi mama yangu kafa kwa presha. Sitaandika ilikuwa dakika ngapi kwa sababu inategemea dereva, ila ilikuwa ndefu vya kutosha tukanyamaza wote kwenye gari. Alafu hiyo ni Jumamosi, barabara kavu. Mvua ikinyesha ile barabara inavuka mabonde.

Wadau wa kupiga mbizi na boti nendeni Sifah, mtaipenda. Mtu wa wikendi, mwenye nyumba nyingine mjini, sawa kabisa. Ila sisi tunatafuta pa kuzeekea nusu mwaka na mgahawa mmoja kati ya tuliotaka kula ulikuwa umefunga mpaka msimu urudi. Nilihesabu madirisha yenye taa tulipokuwa tunaondoka jioni (hiki ndo kipimo changu kikubwa saivi, usiulize wamiliki wangapi wamenunua, angalia wangapi wamewasha taa) na vidole vya mikono vilitosha.

JUMAPILI

Hapa Jumapili ni siku ya kazi, wikendi yao Ijumaa na Jumamosi. Tukaichagua kwa makusudi tuone foleni. Asubuhi mkondo wa magari unaelekea mashariki, Ruwi na Khuwair, jioni unarudi Seeb na Mawaleh. Mtu wa Dar hutashtuka, ni Morogoro Road yenye lami safi na watu wasiopiga honi.

Muscat Hills, mradi mwingine wa wageni, iko upande wa milimani, juu ya uwanja wa ndege, fleti na majumba yamezunguka gofu. Pametulia, ardhi imeinuka, wadi hainitishi pale. Bei afadhali kuliko Al Mouj. Tatizo langu ni kwamba ukitoka mlangoni hakuna pa kwenda kwa mguu. Baba watoto anasema ni gari tu. Nikamwambia mimi nikiwa na miaka sabini na tano na wewe umetangulia, nani ataendesha? Hakupenda swali.

Sasa kituko cha leo. Dalali mwingine, huyu tulimpata kwa wasap, ana fleti ya mwenye kutaka kuuza haraka, anatupa sifa kwa sauti ya redio: shule, msikiti, soko kuu la mbogamboga la Mawaleh liko dakika tano mama, utanunua nyanya fresh kila asubuhi. Binamu alikuwa anaendesha, akageuka polepole akasema, soko lipi? Lile lilihamishwa 2024, liko Khazaen huko Barka. Dalali akasema aah ndio ndio, ila eneo bado linaitwa hivyo. Kwa hiyo nitakula jina. Toka hapo kila "karibu na" tuliyoambiwa tuliendeshwa mpaka mlangoni tuione kwa macho, na kila "inajengwa" tuliihesabu kama haipo. Kwa nyumba za ramani, zile zinazouzwa kabla hazijajengwa, sheria ya 2018 inataka pesa ya mnunuzi iwekwe kwenye akaunti maalum ya dhamana mpaka ujenzi ufike hatua fulani, hilo linalinda pesa yako lakini halikuletei supamaketi.

JUMATATU – JUMANNE, SALALAH

Salalah iko kusini ya nchi, kwa ndege ni mwendo wa saa moja na nusu, kwa gari ni kama kilomita elfu moja za jangwa. Tukashuka kwenye manyunyu. MANYUNYU. Ukungu, milima ya kijani, ngamia wamesimama barabarani wamelowa. Ni khareef, msimu wa kusi yao, Juni mpaka Septemba, pepo za bahari ya Hindi zinagonga milima ya Dhofar na upande mmoja wa nchi unakuwa nchi nyingine. Barabarani vibanda vya madafu, ndizi, mapapai, baba watoto kasimama kwenye kibanda anakunywa dafu la pili anatazama minazi na nikamwona kabisa kashaondoka, huyo yuko Tanga kwao.

Mradi wa wageni huku ni Hawana Salalah, upande wa Taqah, hoteli na fleti na marina. Fleti nzuri, bei nzuri, na mume wangu tayari anauliza habari za malipo kwa awamu. Nikamvuta pembeni. Maskati tumekwenda kuiona ikiwa mbaya, huku tumekuja imevaa, kununua Salalah kwenye khareef ni sawa na kumchumbia mtu siku ya Idi. Turudi Mei, nikasema, khareef haijaanza na joto limeshapanda, tuone kama bado unalia.

Tukazungumza na mpishi wa hoteli, mtu wa Mombasa, yuko Salalah muda mrefu. Akasema Agosti huwezi kupata hata pa kupaki, magari ya nchi zote za Ghuba, bei za vyumba zinapaa, vizuri kwa mwenye kupangisha. Oktoba wanakuja Wazungu wa jua. Katikati hapo kimya. Na bahari wakati wa khareef ni kali, kuogelea wanakataza, kwahiyo hilo la kununua ufukweni ili uogelee kwenye ubaridi, futa, ubaridi na kuogelea haviji mwezi mmoja. Akatukumbusha pia Mekunu, kimbunga cha Mei 2018 kilichomwaga Salalah ndani ya siku moja mvua kuzidi ile ya mwaka mzima.

Usiku baba watoto kanitajia hoja nzuri ambayo sikuwa nayo. Akasema tukinunua huku tutanunua nchi, hatutanunua watu. Shangazi hatakuja Salalah. Binamu hatatupeleka hospitali ya Salalah. Tutakuwa wazee wawili na minazi. Nimeiandika hii ili baadae asije kusema mimi ndo nilikataa.

JUMATANO

Tumerudi Maskati, Al Mouj tena, safari hii na dalali mwanamke wa makamo, hasemi sana, nimempenda. Tukamwambia kabisa tusichotaka: kioo cha magharibi, upande wa uwanja wa ndege, ghorofa ya chini, kitu cha ramani. Akafunga daftari lake akasema basi zimebaki chache.

Ametuonyesha fleti ya vyumba viwili, mtumba, ghorofa ya tatu, inatazama kaskazini mashariki, bahari unaiona ukisimama pembeni ya roshani na kukunja shingo kidogo. Hilo la shingo limepunguza bei sana na mimi sina shida nalo, bahari nimezaliwa nayo. Nikafungua kila bomba. Nikagusa bawaba za milango ya nje na reli za roshani, chumvi ya bahari inakula chuma hapa na ukiona kutu kwenye jengo ambalo sio la zamani ujue matengenezo hayafanyiki. Hakukuwa na kutu, kulikuwa na rangi mpya, ambayo baba watoto kaikwangua kwa kucha kuona chini yake.

Tulikaa ndani saa nane mchana kiyoyozi kimezimwa. Dalali kashangaa lakini kavumilia, kajipepea na brosha. Chumba cha nyuma kilistahimilika, sebule hapana.

Rial moja ni dola 2.6, imefungwa hivyo na dola toka 1986, kwahiyo kwa sisi wa shilingi, ikishuka, bei inayotisha sio ya leo, ni ile ya awamu ya mwisho. Hatuchukui awamu. Tukikosa pesa taslimu hatununui.

ALHAMISI

Shangazi kaja kuiona fleti mwenyewe, kavaa vizuri kabisa. Kazunguka chumba hadi chumba, kafungua makabati, kauliza msikiti uko wapi, dalali akamwonyesha mnara dirishani. Akauliza lifti ikiharibika? Swali hilo hatukuwa nalo. Akakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba akasema jiko dogo lakini hamtapika, mtakula kwangu. Baba watoto kasema hiyo sasa ndo lokesheni.

Hatujalipa kitu. Tumetoa bei yetu, chini ya aliyotaja, na tumeomba karatasi za ada ya huduma za miaka mitatu iliyopita, mana huku unalipa kila mwaka kwa mita za mraba na ikipanda kimya kimya inakula kodi yote ya mpangaji. Tumeomba pia nakala ya mulkiya, ile hati ya umiliki, binamu aipeleke kwa wanaohusika wizara ya nyumba wathibitishe jina. Dalali kasema karatasi zitakuja kesho inshaallah. Kesho ni Ijumaa, kwahiyo binamu anasema Jumapili, shangazi anasema Jumanne, na sisi tunapanda ndege leo usiku.